Pongezi kwa Mikono Yenye Subira
Mtoto asiyeona hushtuka akiguswa mdomoni bila kuambiwa. Ndiyo maana, kutoka huku Mponde kwenye mashamba ya chai, tunawapongeza wanaowafunda madaktari wa meno kuwahudumia watu wenye ulemavu. Udaktari wa meno umefundishwa Muhimbili tangu mwaka 1979. Daktari aliyefundwa vyema humpa mtoto kioo akishike, humsikilizisha mlio wa mashine, ndipo amtibu. Kwa kiziwi, hushusha barakoa anapoeleza, ili midomo isomeke. Kwa mwenye usonji, hupunguza mwanga na kelele. Watoto wa Shule ya Wasioona Irente, hapa hapa Usambara, wanastahili mikono ya namna hiyo. Subira nayo ni dawa. Hongereni sana, walimu wetu!