Nia ya Mtu na Miaka ya Gereza

Siku hizi twasikia mara kwa mara habari za wadukuzi, maana yake watu wanaoingia kwa siri katika kompyuta za serikali au za makampuni na kuchukua yaliyofichwa humo. Wengine wafanya hivyo kwa tamaa ya fedha. Wengine husema: «Sisi si wezi, twapigania haki ya watu.» Hao wa pili wakifungwa, rafiki zao hulalamika kwamba si haki kumtia gerezani mtu aliyetenda kwa ajili ya siasa. Tuyapime maneno hayo, maana sisi wa Masisi na Walikale tumelionja neno hili «siasa» kupita wengi.

Tuanze na mfano wa mbali. Kijana wa Marekani, Jeremy Hammond, aliingia mwaka 2011 katika kompyuta za kampuni moja ya Texas, iitwayo Stratfor, yenye kuuza habari za siri. Barua za kampuni zikatolewa mbele ya watu wote. Lakini zilichukuliwa pia namba za kadi za benki za watu 60,000 hivi, na kadi hizo zikatozwa zaidi ya dola 700,000. Novemba 2013 hakimu wa New York alimpa kifungo cha miaka 10.

Sasa tuje kwetu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei 2009, askari wa FDLR walishambulia Busurungi, katika teritori ya Walikale. Raia wasiopungua 96 waliuawa, na nyumba zikachomwa moto. Mkubwa wa FDLR, Ignace Murwanashyaka, na msaidizi wake, Straton Musoni, hawakuwako msituni. Walikaa Ujerumani. Silaha yao ilikuwa simu na kompyuta: kwa hizo walisema na makamanda, na kwa hizo walitangaza duniani kwamba watu wao hawana kosa. Walikamatwa Novemba 2009. Kesi yao ilianza Stuttgart mwezi wa Mei 2011, ikaisha tarehe 28 Septemba 2015. Murwanashyaka alipewa miaka 13, Musoni miaka 8. Musoni akatoka siku ile ile, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa kifungoni muda wa kutosha. Desemba 2018 mahakama kuu ya Ujerumani ilitengua sehemu ya hukumu ya Murwanashyaka, ikaagiza ahukumiwe upya. Alikufa Aprili 2019 kabla ya hukumu hiyo.

Basi linganisheni, ndugu. Miaka 10 kwa barua na fedha. Miaka 8 kwa msaidizi wa mkubwa wa jeshi lililochoma vijiji vyetu. Je, mizani hiyo ni sawa?

Labda mtu atatujibu: «Nchi ni mbili, na sheria ni mbili.» Ni kweli. Tena tusiwaonee mahakimu wa Stuttgart. Wao walihukumu yaliyothibitishwa mbele yao tu, na kuthibitisha Ulaya yaliyotendeka usiku msituni ni kazi ngumu. Hakimu asiyedai ushahidi si hakimu. Hata hivyo mama aliyefiwa na watoto wake Busurungi hapimi kwa vitabu vya sheria. Yeye auliza: Je, damu ni nyepesi kuliko kadi ya benki?

Hapo ndipo twaona udhaifu wa wale wanaosema nia ya siasa ifungue mlango wa gereza. FDLR nao walidai siasa. Sheka wa Walikale naye alilipa kundi lake jina la kulinda Kongo. Lakini Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimpa kifungo cha maisha kwa makosa ya vita. Kama nia yatosha kumsafisha mtu, nani katika milima yetu atakayebaki na hatia? Hata sheria ya msamaha ya tarehe 7 Mei 2009, iliyosamehe matendo ya uasi katika Kivu, haikusamehe makosa ya vita. Nia njema haigeuzi tendo baya kuwa jema.

Lakini tusikimbilie upande wa pili pia. Nia haifuti kosa, ila yaweza kulipunguza. Aliyetoa siri ili watu wajue ukweli, bila kumwaga damu wala kula mali ya mtu, si sawa na mwizi. Na aliyechukua mali aweza kuagizwa kuirudisha. Aliyeua hawezi kurudisha uhai. Kwa hiyo kifungo kwa Hammond si dhuluma, maana watu wengi wasio na kosa waliumizwa. Miaka 10 ndiyo iliyozidi.

Jambo hili latuhusu. Tangu Machi 2023 Kongo ina sheria yake ya mambo ya kompyuta, yenye kuadhibu udukuzi. Sheria hiyo ni ya lazima. Lakini tukumbuke Goma, Februari 2016: vijana sita wa LUCHA walihukumiwa miaka 2 kwa kutayarisha siku ya mgomo wa amani, rufani ikapunguza kuwa miezi 6. Waliokuwa na kitambaa chenye maandiko walifungwa upesi kuliko wengi wenye bunduki. Sheria mpya ikishikwa kwa mkono ule ule, itampiga kijana mwenye simu na kumwacha mwenye panga.

Basi twawaomba mahakimu waulize maswali matatu kabla ya kuhesabu miaka: Nani ameumizwa? Je, yaweza kulipwa? Mtu huyu alikusudia nini? Swali la nia lina mahali pake, nalo ni la tatu. Likitangulia, kila muuaji atakuwa na siasa yake. Likisahauliwa, msema kweli atalala chumba kimoja na muuaji.