Mtoto, Mama na Nyota wa Sinema: Uhakiki wa "The Flame Trees of Thika"

Kitabu cha Elspeth Huxley, "The Flame Trees of Thika", kilichotolewa mwaka 1959, huhesabiwa kuwa kumbukumbu za utotoni. Lakini wazazi halisi wa mwandishi, Jos na Nellie Grant, humo wanaitwa Robin na Tilly. Na mazungumzo marefu yanaelezwa neno kwa neno baada ya miaka zaidi ya arobaini. Kazi ya namna hii haina budi kupimwa kwa mizani ya riwaya.

Nguvu yake imo katika jicho la mtoto. Lettice Palmer, mke wa Hereward, anapendana na Ian Crawfurd. Mtoto anayaona hayo bila kuyafahamu. Msomaji ndiye anayefahamu. Kwa hiyo Ian anapouawa katika vita vilivyoanza mwaka 1914, huzuni ya Lettice inauma zaidi, kwani msimulizi hana neno la kuiitia.

Mwaka 1981 Thames Television ilikionyesha kisa hiki katika televisheni, na Tilly akawa Hayley Mills. (Mwaka ule ule wa 1959 yeye mwenyewe alikuwa mtoto katika filamu ya "Tiger Bay".) Holly Aird, aliyeigiza mtoto, hana kosa. Tatizo ni kwamba mtazamaji humtazama mtoto badala ya kutazama kwa macho yake, na uso wa nyota anayejulikana tangu zamani humvuta kwa mama. Kamera haijui kutojua. Mapenzi yaliyokuwa fumbo kitabuni yanakuwa mapenzi tu.

Hata hivyo, jicho hilo la mtoto lina hila yake. Njombo, Mgikuyu wa shambani, anapodhoofika kwa kuapizwa, pengo la kutojua linabaki wazi. Lettice anajaziwa pengo lake na msomaji wa Uingereza. La Njombo lingeweza kujazwa na msomaji wa Thika au Ruiru, ambaye mwandishi hakumwazia. Isitoshe, kati ya bibi wa shamba na Mgikuyu wa siku zile, Kiswahili kilikuwa lugha ya kukutania, isiyo ya mama kwa yeyote kati yao. Kiingereza fasaha cha kitabu kimeufuta ugumu huo wote. Atakayekifasiri kwa Kiswahili atalazimika kuamua Njombo aseme Kiswahili gani: kile cha kupokea amri shambani, au cha mtu mzima mwenye mengi ya kusema.