Nauli ya Mgeni wa Nyota

Mgeni afikapo mlangoni huulizwa atokako na haja iliyomleta. Mgeni wa riwaya, aliyeshuka kutoka nyota nyingine, hana budi kuulizwa jambo la tatu: alifikaje? Swali hili laonekana kuwa la mabingwa wa elimu ya nyota peke yao, lakini ni la uhakiki pia. Maana gharama ya safari ndiyo ipimayo uzito wa haja ya msafiri, na mhusika asiye na haja ya kutosha hasadikiki.

Si kila hadithi idaiwayo jibu. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, nchi yaelea hewani na wajumbe wake hutumwa pande zote za ulimwengu. Wala hakuna msomaji aulizaye walipanda chombo gani, kwa kuwa istiara hiyo yahusu haki na utawala. Lakini mtungaji adaiye kwamba mambo yake yaweza kutukia amejitia mwenyewe katika deni la hesabu.

H. G. Wells alilitambua deni hilo. Katika The War of the Worlds, kitabu kilichotoka mwaka 1898, wavamizi watoka Mirihi, sayari iwezayo kuikaribia dunia kwa umbali wa kilometa milioni 56 hivi. Kwao kwazidi kupoa. Kwetu kuna joto, maji na chakula. Wafyatuliwa ndani ya vyombo mfano wa risasi za mzinga mkubwa. Kwa kweli mshtuko wa mzinga huo ungewaponda abiria. Lakini haja na umbali vimelingana, kwani jirani mwenye dhiki avuka njia fupi. Hiyo ndiyo nguvu ya riwaya, nayo haikupotea hata baada ya chombo Mariner 4 kupita karibu na Mirihi mwaka 1965 na kuleta picha za nchi kame yenye mashimo.

Kwa kuwa Mirihi imekosa wenyeji wa namna hiyo, mgeni sasa hana budi kutoka katika nyota nyingine, na hapo hesabu yabadilika kabisa. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kupita zote baada ya jua, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, yaani kilometa trilioni 40 hivi. Voyager 1, chombo kilichorushwa mwaka 1977, chaenda kilometa 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuukata umbali huo. Kuufikia mwendo ulio sehemu moja ya kumi ya mwendo wa nuru hakukatazwi na kanuni za maumbile; lakini kila kilo ya chombo yadai nguvu kama ya mabomu 7 mfano wa lile lililoangamiza Hiroshima mwaka 1945, na pengine nguvu nyingine kukisimamisha.

Liu Cixin wa China ameijenga riwaya yake San Ti, iliyotoka kama kitabu mwaka 2008, juu ya hesabu hiyo. Merikebu za adui zatoka umbali wa miaka ya nuru 4, nazo zahitaji karne nne na ushei kufika. Kukawia huko kwazaa kisa chote: wavamizi waogopa kuwakuta wanadamu wamekwisha kuwapita kwa elimu, basi watanguliza hila ya kuizuia elimu hiyo isikue. Umbali umegeuka kuwa tabia ya wahusika. Hata hivyo, Liu amekopa pale pale alipolipa. Chembe zitumwazo kupeleleza zapeleka habari kwa mabwana zao papo hapo, ilhali hakuna habari iwezayo kuipita nuru kwa mwendo. Riwaya iliyosimama juu ya subira ya umbali imejitoboa yenyewe.

Je, mgeni huyo aweza kuja? Maumbile hayakumfungia mlango. Yamempa njia ndefu na nauli kubwa. Mtungaji amletaye kiumbe kutoka nyota za mbali, akamwonyesha kwa mchungaji mmoja usiku, kisha akamrudisha kwao, hakukosea elimu ya nyota peke yake. Amekosea tabia ya kiumbe, maana hakuna mwenye akili alipaye nauli ya karne nyingi kwa ajili ya kuchungulia dirishani.