Picha Haiezeki Paa

Vijana wengi wa Kampala siku hizi hupiga picha za majengo ya kale, na sababu wanayoitoa ni moja: jengo likibomolewa, picha itabaki. Kitabu cha picha *Beyond the Reeds and Bricks*, kilichotolewa na The Cross-Cultural Foundation of Uganda, kinahusu majengo na maeneo ya kihistoria ya Kampala, Jinja na Entebbe. Naisifu kazi hiyo, kwa kuwa mtu hatetei asichokijua. Hata hivyo, dai kwamba picha huhifadhi urithi lina kasoro.

Tuchukue makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi. Nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Picha zake zilikuwa tele. Zilionyesha umbo la paa, lakini hazikuweza kufundisha jinsi nyasi zinavyochaguliwa, zinavyofungwa na kupangwa. Maarifa hayo yamo mikononi mwa watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kwa desturi ndio waezekaji. Hata zile pete 52 za ndani ya paa, zinazowakilisha koo za Buganda, mtazamaji asiyeelezwa huziona kama pambo tu. Kasubi iliondolewa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2023, miaka 13 baada ya moto. Kazi iliyofanyika hapo ilihitaji mafundi, si kamera peke yake.

Sisi wa Luzira tunao ushahidi mwingine. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kilimani hapa walifukua vipande vya sanamu za udongo, kikiwemo kichwa cha mtu. Leo kichwa hicho kiko British Museum, London, nasi wengi tunakijua kwa picha. Picha imetupa sura yake, lakini haijakirudisha nyumbani.

Kwa maoni yangu, mpiga picha asiishie ukutani. Aingie ndani kwa ruhusa, awaulize wenyeji, amrekodi fundi akifunga nyasi, na aandike majina ya vitu kwa lugha ya wenyewe. Tena, picha isigeuzwe kibali cha kubomoa. Mwenye kiwanja akisema, "Si mmeshalipiga picha?" tumjibu kwamba picha haiezeki paa, wala haimkingi mtu mvua.