Chuma Kinapogeuka

Liganda hairushwi. Ina umbo la mkuki, lakini bapa lake hukaribia kimo cha mtu mzima. Ilikuwa fedha ya Walokele, Watopoke na Waturumbu, watu wa Mto Kongo kutoka Kisangani kushuka Yanonge na Isangi, nayo ilitolewa katika mahari. Leo vipande vingi vimelala katika makumbusho ya Ulaya, na atazamaye bapa lile pana, lisilo nene, lililonyooka, anajua kwamba aliyelifua hakubahatisha.

Ustadi wa mhunzi ni kujua kitu kinageuka lini. Mawe ya chuma ni oksidi, ndugu wa kutu: chuma kimeshikwa na oksijeni. Makaa yakiwaka tanurini hutoa gesi inayoipokonya ile oksijeni, na chuma hubaki, wala si lazima kiyeyuke. Wahaya wa Kagera, Tanzania, walisukuma mabomba ya mivukuto ndani kabisa ya tanuri ili hewa ifike ikiwa imeshapata moto. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walilieleza hilo katika jarida la Science mwaka 1978. Kipimajoto hakikuwepo. Jicho lilisoma rangi.

Maabara nazo zina oksidi yao. Mwaka 1959 F. J. Morin wa Bell Labs, Marekani, alitangaza kuwa oksidi ya vanadi hugeuka ghafla ikipata joto. Aina mashuhuri zaidi, dioksidi yake, hufanya hivyo karibu na nyuzi 68 za Selsiasi: iliyokuwa ikizuia umeme huanza kuupitisha kama metali. Hakuna kilichoyeyuka, atomi zimesogea kidogo tu, na ikipoa zinarudi. Fuwele kubwa hupasuka kwa kugeuzwa mara kwa mara, ilhali vijiti vya upana wa nanomita hustahimili. Hapo ndipo watafiti wanapotafuta swichi za umeme, na vioo vya dirisha vinavyozuia joto la jua huku vikiruhusu mwanga.

Dioksidi hiyo ikichanganywa na tungsteni kidogo, kiwango kile cha joto hushuka. Mwaka 2021 watafiti wa Berkeley, California, walionyesha utando wa paa wenye mchanganyiko huo, unaogeuka kati ya nyuzi 15 na 30: kukiwa na joto huliachia liende angani, kukiwa na baridi hulibana ndani. Kazi ya kuvuliwa kofia! Ila Yanonge iko karibu na ikweta, haina kipupwe cha kubania joto. Kwa mabati ya huko, rangi nyeupe inafaa zaidi, na bei yake ni nafuu.