Kuunganisha Mabasi Si Kujenga Ujamaa

Wako ndugu wanaoyasifu mabasi ya zamani, hasa yale ya ghorofa ya Uingereza, kana kwamba wema wa usafiri wa umma ulikuwa katika chuma. Wengine wanaamini kwamba makampuni yakiunganishwa, ujamaa umekwisha kupatikana. Hoja zote mbili hazigusi mzizi. Swali la mjamaa ni hili: nani anaamua basi liende wapi, na kwa manufaa ya nani?

Mwaka 1969 Serikali ya Uingereza iliyaweka makampuni mengi ya mabasi ya mikoani chini ya shirika moja la taifa. Ubepari haukutikisika. Kati ya 1986 na 1988 makampuni hayo yakauzwa kwa watu binafsi. Kumbe hata dola ya mabepari huunganisha, na huuza pia.

Wananchi wa Masasi na Newala wana ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya uongozi mmoja. Reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga na kufika Nachingwea na Masasi, ilifungwa mwaka 1962. Sababu: hasara. Hasara kwa hesabu ya nani? Daftari la shirika halikuwa na safu ya mgonjwa wa Newala wala ya korosho za mkulima wa Uwanda wa Makonde. Tangu hapo vyote vikategemea malori na mabasi.

Tusiishie kuwalaumu wakoloni. Kampuni ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa: UDA kwa mji wa Dar es Salaam, KAMATA kwa safari za mikoani. Kutaifisha kulikuwa sahihi. Lakini kubadili mwenye mali si kubadili uhusiano wa watu na mali hiyo. Mwongozo wa 1971 ulidai wananchi washirikishwe katika mipango inayowahusu. Abiria asiyeulizwa lolote habadiliki kuwa mwenye basi kwa sababu ubavuni limeandikwa jina la taifa.

Leo KAMATA haipo, na mabasi ya mikoani ni ya watu binafsi. Swali halikufa pamoja nayo. Kada anaposikia habari za kuunganisha au kuuza, asiulize kwanza idadi ya magari. Aulize kama mkulima wa Newala ana sauti mahali ratiba inapopangwa. Kama hana, kilichobadilika ni rangi ya basi tu.