Mita Nne za Jiwe

Kilele cha Uhuru mlimani Kilimanjaro kina mita 5,895, na njia zake za kawaida hupandwa kwa miguu. Hakuna kamba wala kuning'inia. Ni pole pole, fimbo mkononi, na kichwa kinachogonga kwa uchache wa hewa. Sisemi ni rahisi, maana wapo vijana wenye misuli wanaorudishwa njiani wameshikwa mabega. Lakini vuka mpaka uende Mlima Kenya. Kilele cha Batian, kilicho chini ya Uhuru kwa karibu mita 700, hakimpokei mtu asiyejua kutumia mikono yake kwenye mwamba. Mpanda milima Mackinder alikifikia mwaka 1899 akiwa na waongozaji wawili kutoka Alps, na ikapita miaka 30 kabla ya wengine kufika. Kimo na ugumu, basi, hawakuzaliwa tumbo moja.

Wanaolijua hilo zaidi ni wakweaji wa mawe. Hawa hawana haja na kilele. Hutafuta jiwe la mita tatu, nne au tano, wakatandika godoro chini, wakapaka chaki vidoleni na kupanda bila kamba. Mwaka 2016, huko Lappnor nchini Ufini, Nalle Hukkataival alimaliza njia iliyomhangaisha kwa miaka kadhaa. Aliiita Burden of Dreams, akaipa daraja la 9A, ambalo hakuna njia ya jiwe iliyowahi kupewa kabla yake. Ni miondoko mitano tu. Ukiitazama kwenye video, inakwisha kabla hujamaliza kupiga miayo.

Kitovu cha ufundi huu ni msitu wa Fontainebleau, kusini mwa Paris, wenye mawe ya mchanga yaliyotapakaa katikati ya misonobari. Wapanda milima wa Paris walikuwa wakienda huko siku za mapumziko kujinoa kwa ajili ya Alps, na baadhi yao wakanogewa na mazoezi kuliko safari yenyewe. Mmoja wao, Pierre Allain, alibuni kiatu chepesi chenye soli laini ya mpira, na hicho ndicho babu wa viatu vya ukweaji vya leo. Mwaka 1946 René Ferlet alikwea La Marie-Rose, njia ya kwanza ya daraja la 6a msituni humo. Mwaka uliofuata mishale ya rangi ikaanza kuchorwa kwenye mawe, kumwongoza mkweaji kutoka jiwe hili hadi lile.

Anayetaka kuuona ufundi huo asitazame mikono, atazame miguu. Kabla ya kugusa jiwe, mkweaji wa Fontainebleau husimama juu ya kipande cha zulia na kufuta soli zake, kwanza mguu huu, kisha ule, kwa utulivu wa mtu anayeingia msikitini. Chembe moja ya mchanga ikibaki, soli itateleza, tena itasaga jiwe kama msasa. Kisha anauweka mguu mahali ambapo mimi na wewe hatuoni kitu, kwenye mteremko laini usio na hata ufa. Anashusha kisigino kidogo ili mpira ulale vizuri, anausogeza uzito polepole, na mguu unashika. Mvua ikinyesha hagusi jiwe, maana jiwe la mchanga likilowa huwa dhaifu na vishiko humeguka. Anafunga mfuko wake na kurudi nyumbani, hata kama ametoka mbali.

Pamoja na uangalifu wote huo, mawe huchakaa. Vikanyagio vya La Marie-Rose vimeng'arishwa na vizazi vya viatu hadi vinateleza, na wengi huiona ngumu kuliko daraja lake. Namba imebaki ileile, jiwe limebadilika.

Kuhusu namba, mimi ni shabiki wa John Gill, mwanahisabati wa Marekani aliyeileta chaki ya wanajimnastiki kwenye mawe katika miaka ya 1950. Wengine hujenga ngazi isiyo na mwisho, kama ile ya John Sherman wa Hueco Tanks, Texas, iliyoanzia V0 na leo imefika V17. Gill alitosheka na madaraja matatu: B1, B2 na B3. Jiwe la B3 ni lile lililokwewa na mtu mmoja tu, huku wengine wakijaribu na kushindwa. Siku mtu wa pili anapofika juu, jiwe linashushwa daraja. Sijui kipimo kingine chenye unyenyekevu wa namna hiyo, kinachokiri waziwazi kwamba kinapima watu.

Hata hivyo kimo kina namna yake ya kurudi na kudai haki yake. Mwaka 1961 Gill alikwea The Thimble, mnara wa jiwe wa karibu mita tisa katika Needles, South Dakota. Alipanda bila kamba wala godoro, na chini yake palikuwa na uzio wa mbao wa maegesho ya magari. Madaraja huhesabu miondoko, hayahesabu uzio. Inaelezwa kwamba ili kujiandaa alikuwa akibana kwa vidole boliti zilizotokeza ukutani mwa ukumbi wa mazoezi, maana alijua vishiko vya juu vingekuwa vidogo kiasi hicho, na kwamba akishafika huko hakutakuwa na namna ya kushuka.